Honi ya Mzee Gideoni

Watu wa Vuntama walimzika Mzee Gideoni kimya kimya, kama watu wanaoficha kitu. Mchungaji alisoma sala, udongo ukarudishwa, wanawake wakalia kwa sauti za chini, kisha kila mmoja akashika njia yake kabla uji wa wafiwa haujapoa. Hakusimama mtu kueleza maisha ya marehemu. Katibu wa kijiji, Ndugu Ernest, alikuwa ameonya mapema pale pale uani, kofia ameishika mkononi kwa heshima.

"Tunamzika raia mwenzetu, ndugu wananchi," alisema. "Hatumziki tajiri. Hotuba za kusifu matajiri si za wakati huu."

Rahabu alisimama nyuma ya wanawake wote, mtoto mgongoni. Alikuwa na neno lake moja tu la kusema, tena fupi. Akalimeza. Lilishuka kama kiazi cha moto.

Huyo mtoto wake, Salama, alizaliwa ndani ya lori la Mzee Gideoni. Uchungu ulimshika Rahabu siku ya mvua, mumewe yuko bondeni Ndungu kwenye mashamba ya mkonge, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Mama mkwe wake, Nanzia, alikwenda kugonga kwa tajiri bila hata kujifunika kichwa. Mzee hakuuliza swali. Alimwaga magunia ya kahawa chini kwenye matope, akatandika majani ya migomba, wakampakia. Wakashuka mlima kuelekea hospitali, na kila penye kona mzee alipiga honi, moja, ndefu, ng'ombe na watu wapishe. Walipofika kona ya Mkuyuni mtoto akaamua kutoka mwenyewe. Mzee Gideoni akasimamisha gari, hakugeuza shingo, akauliza tu kupitia kidirisha cha nyuma: "Salama?"

Nanzia, mikono imejaa damu, akajibu: "Salama."

Jina likawa hilo.

Rahabu alipopata nguvu alimpelekea mzee kuku wa shukrani. Mzee alikuwa kwenye benchi lake, amevaa koti lake la kijeshi lililopauka, anatafuna muwa. Akamtazama kuku, akamtazama Rahabu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kusema ahsante."

"Marahaba. Ahsante haijazi maji ndivani, mwanangu. Rudi na kuku wako. Ukisikia mwito wa msaragambo, uje kazini."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuna mtu Vuntama aliyewahi kumshukuru Mzee Gideoni akafanikiwa.

Utoto wake ulikuwa wa taabu. Baba alimfia angali mdogo, naye akakua akibeba ndizi na miwa kichwani hadi stesheni ya Same, kuwauzia abiria wa treni. Baadaye alishuka kukata mkonge pamoja na watu wa kila kabila, akarudi baada ya miaka amekonda, na badala ya baiskeli kama wenzake, amekuja na punda jike.

"Gideoni, wenzio wamerudi wakipiga kengele, wewe umerudi na masikio marefu?" watu walimcheka.

"Baiskeli haizai," alijibu.

Na kweli punda alizaa. Kutoka kwa punda kukaja duka la chumvi na mafuta ya taa, na kutoka dukani likaja lori la Bedfodi, la kwanza kupanda barabara ile. Mizani yake haikujua upendeleo, hata mama mkwe wake alipimiwa chumvi sawa na jirani asiyempenda. Siku ya Uhuru aliwachukua watu wa Vuntama kwenda Same kuiona bendera, bure. Wakati wa kurudi, kwenye mwinuko mkali, alizima injini akawaambia: "Uhuru na kazi! Shukeni msukume." Wakasukuma, wakicheka, nguo zao za sikukuu zimejaa matope.

Fedha yake ilikuwa na mkondo wake. Bati za shule zilitoka kwake. Na ndiva, lile bwawa ambalo hukusanya maji ya mfereji usiku kucha ili asubuhi watu wafunguliwe maji, kila shamba kwa zamu, ndiva ile ilikuwa ya udongo na ikivuja kama kikapu. Mzee alileta saruji. Lakini hakuleta vibarua. Aliita msaragambo, kazi ya wote kama walivyoifanya mababu, na yeye mwenyewe akawa anabeba mawe na suruali ameikunja magotini.

Yeye ndiye aliyekuwa mwita kazi wa Vuntama. Zamani aliita kwa pembe ya tandala, akisimama juu ya mwamba. Alipopata lori, akawa anapiga honi pale kona ya Mkuyuni jioni ya kuamkia kazi, na mlima mzima ulijibu: "Eee, twaja!" Watoto wa Vuntama walijua kuitika hivyo kabla ya kujua kusema mama. Sauti ile ikipita, kinywa kinafunguka chenyewe.

Ulipokuja wakati wa Ujamaa, mzee alikabidhi funguo za duka mwenyewe, kabla ya kuombwa. Likawa duka la kijiji. Baada ya muda mfupi kwenye rafu zake palibaki viberiti na unga wa njano wa msaada. Lori lilibaki kwake, mpaka baada ya ile safari ya Rahabu likafa injini, halafu tairi zikatolewa, halafu betri. Likawekwa juu ya mawe, likafunikwa turubai. Mwaka huo huo, wa ukame, mzee naye akafa.

Sasa, Vuntama kulikuwa na desturi. Mwita kazi akifa, pembe yake hupigwa kwa mara ya mwisho. Watu hutoka wote, wakafanya kazi ya siku moja ndivani, na jua likielekea kuzama, mzee wa rika lake humwambia: Kazi imekwisha, tumeitika, pumzika. Naye huita mara moja ya mwisho, na asipoitikiwa huenda zake. Mwita kazi asiyeachishwa kazi huendelea kuita. Na mpaka aende zake, hakuna anayeruhusiwa kuitikia mwito wowote asipoona uso wa anayeita. Wazee walisema, ukimwitikia, umejitoa kwake.

Lakini pembe ya Mzee Gideoni haikupigwa. Ndugu Ernest alikwisha sema.

*

Alasiri moja Rahabu alikuwa shambani juu ya kona ya Mkuyuni, anachimbua viazi vya mwisho vilivyosalimika na jua. Salama alikuwa mgongoni akinung'unika, anaota meno. Ukungu ulipanda kutoka bonde la Kisiwani kama maziwa yanayofurika sufuria, ukameza barabara, ukameza migomba, mwisho Rahabu akawa haoni hata ncha ya jembe lake.

Honi ikalia.

Moja, ndefu, pale chini kwenye kona.

"Eee, twaja!" alisema Rahabu.

Alisema huku ameinama, mkono bado unatafuta kiazi kwenye udongo. Ndipo damu yake ikasimama. Alisikiliza. Chini ya ukungu injini ilikuwa ikiunguruma, ikibadilisha gia kama mtu mzee anayekohoa. Ikafika kwenye kona, ikatulia, ikangoja. Hakuna mwingine mlimani aliyeitika. Hata mbwa hawakubweka. Na mgongoni kwake, Salama aliyekuwa akinung'unika tangu asubuhi alinyamaza, mara moja, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja.

Rahabu aliacha viazi, akateremka mbio mpaka barabarani. Hakukuwa na kitu. Udongo ulikuwa umelowa, laini, hauna alama ya tairi wala ya kwato. Ila hewa ilinuka dizeli, na juu ya dizeli, harufu tamu ya muwa uliotafunwa.

Njia ya nyumbani ilipita pembeni mwa banda la marehemu. Lori lilikuwa palepale juu ya mawe yake. Umande wa ukungu ulilowesha turubai lote likawa linachuruzika, isipokuwa pale mbele, juu ya injini. Pale palikuwa pakavu. Salama alitoa mkono kwenye kanga, akaunyoosha kuelekea pale pakavu, vidole vimefunguka kama anayepokea kitu.

Tangu siku hiyo mtoto hakulia. Mwanamke asiye na mtoto angeona ni heri. Rahabu hakuona heri. Salama alinyonya kidogo, akaliachia ziwa, akatazama mbali. Ukungu ukipanda, popote alipolazwa, shingo yake iligeuka polepole kuelekea kona ya Mkuyuni, na macho yake yakafuata kitu kinachopita. Maziwa yalimjaa Rahabu mpaka kifua kikauma, akawa anayakamua tone kwa tone kwenye midomo ya mtoto. Mganga wa zahanati alimpima, akasema homa hana, kifua ni safi. Lakini mtoto yule alizidi kuwa mwepesi, mpaka kwato za mbuzi zikawa nzito kuliko yeye.

Nanzia alikuwa akimtazama mkwewe. Mwishowe alisema, wakichambua maharage jikoni.

"Uliitika?"

Rahabu hakuinua uso. "Niliitika, mama."

"Na mtoto mgongoni?"

"Mgongoni."

Nanzia aliweka ungo chini. "Na mimi nimeisikia," alisema. "Naumaga kanga, nisifungue mdomo. Mume wako alipokuwa mdogo nilimchapa ili ajifunze kuitika upesi. Ona sasa."

Wakaenda kwa Mzee Rubeni, rika la marehemu, aliyekuwa anatunza pembe. Walimkuta amekaa kizingitini, pamba masikioni.

"Shikamoo, mzee," Rahabu alisema kwa sauti kubwa.

"Marahaba, mama. Usipige kelele, nasikia. Pamba hii haizuii kitu." Akaitoa. "Kila mtu amesikia. Mlima mzima unasikia, na kila mtu anajifanya anapika. Gideoni ananiita mimi kila ukungu ukipanda, na mimi ni mzee, ningekwenda. Lakini anadhani bado kuna kazi. Akiitikiwa, anachukua aliyeitika, maana hajui kama amekufa. Hakuna aliyemwambia."

"Basi piga pembe, mzee," Rahabu alisema. "Mwambieni."

"Nipige pembe, huyu kijana Ernest aandike Same kwamba Rubeni anaendesha ibada ya tajiri? Nina wajukuu shuleni."

Alimtazama Salama, aliyekuwa ametulia kifuani kwa mama yake, macho wazi. Akaangalia pembeni haraka.

"Nitapiga," alisema. "Lakini katibu aseme mwenyewe. Nipate mdomo wake, mimi nitapata mdomo wangu."

*

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja kilichokuwa stoo ya chumvi ya Mzee Gideoni. Kuta bado zilikuwa na ladha ya chumvi ukilamba kidole kilichozigusa. Ndugu Ernest alikuwa kijana, kwao mbali sana, na alikuja mlimani na baiskeli ambayo hakuwahi kuipanda, kwa kuwa kupanda alisukuma na kushuka aliogopa.

"Karibu, Mama Salama. Kuna shida?"

"Ndiva imejaa tope, Ndugu Katibu. Maji hayakai. Mvua zikija zitapita tu."

Ernest akacheka bila furaha. "Unanieleza mimi? Kazi ya kijiji nimeitisha na kuitisha. Wananijia wazee na mwenye kifaduro. Nikiuliza, kila mtu anaumwa mgongo."

"Ikipigwa pembe, watakuja."

"Wote?"

"Wote."

Kijana aliweka kalamu chini. Alitazama nje, halafu akamtazama yule mama mdogo aliyeinamisha macho na mtoto aliye kimya kupita kiasi. Hakuwa mjinga. "Na hili silo jambo la yule tajiri?"

Rahabu hakujua kudanganya, na hata angejua, asingethubutu kudanganya juu ya kichwa cha mtoto. "Ndiva aliijenga yeye," alisema. "Tope ni letu."

Ernest alipitisha kidole mezani, polepole. "Tope ni letu," alirudia, kama mtu anayeionja chumvi. "Sawa. Kazi ni kazi. Apige pembe." Rahabu akainuka. Alipofika mlangoni, katibu akaongeza: "Mama Salama, wewe ni mwenyeji. Lile lori linalopita alasiri pale kona, ni la nani? Mama yangu anaumwa nyumbani, nataka lifti mpaka Same. Nikilikimbilia, silikuti."

Rahabu aligeuka. "Umewahi kuliitikia, Ndugu Katibu?"

"Kuliitikia? Mtu huitikiaje lori?"

"Basi," alisema Rahabu, akatoka.

*

Pembe ilipolia juu ya mwamba, Vuntama ilimwagika. Walitoka hata wale waliokuwa hawasemezani, hata mama mjamzito, hata mjane wa marehemu na kaniki yake ya msiba. Ndugu Ernest alisimama ukingoni mwa ndiva, suruali ameikunja, haamini macho yake.

Wanaume waliingia ndani na majembe, tope jeusi likiwafika mapajani. Wanawake wakapanga mstari mpaka shambani, makarai yakapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyeimba. Ila kila karai lilipoinuliwa, aliyelishika alisema neno kwa sauti ya chini, halafu akalipitisha.

"Hili la bati za shule."

"Hili la mama yangu, alimpeleka Same usiku wa mvua."

"Hili la chumvi, mwaka ule wa nzige."

"Hili la jino lake la dhahabu, nililokuwa nalichekea."

Mstari ukacheka kidogo. Mjane alipofikiwa alilibusu tu karai lenye tope, akalipitisha.

"Wanahesabu?" Ernest alimwuliza Mzee Rubeni.

"Wanahesabu, mwanangu."

Karai likamfikia Rahabu. Lile neno alilolimeza makaburini likapanda lenyewe, na safari hii halikumuunguza.

"Hili la Salama," alisema.

Alitazama mgongoni. Mtoto alikuwa ameligeuzia shingo bonde, kama kila siku.

Jua lilipofifia, sakafu ya saruji ilionekana, na kwenye saruji, alama ya unyayo mkubwa usio na kiatu, ya mtu aliyeikanyaga kabla haijakauka, miaka ile. Watu waliizunguka. Hakuna aliyeikanyaga. Mzee Rubeni akafunguliwa njia, akasimama mbele ya ule unyayo, akavua kofia.

"Kazi imekwisha," alisema. "Tumeitika. Pumzika."

"Naam, mpumzike, ndugu wananchi!" alisema Ernest kwa furaha, uso umejaa tope. "Mmefanya kazi ya mfano!"

Mfereji ukafunguliwa, maji yakaanza kuingia, yakaujaza ule unyayo kwanza. Na kama ulioitwa na maji, ukungu ukapanda kutoka Kisiwani. Ukafunika migomba. Ukafunika mstari wa wanawake, mmoja baada ya mwingine, mpaka kila mtu akabaki peke yake na pumzi yake.

Honi ikalia.

Moja, ndefu, kona ya Mkuyuni.

Rahabu alisikia mlima mzima ukifunga midomo. Pembeni yake Nanzia aliuma kanga. Mtu fulani ndani ya ukungu alilia bila sauti, mabega yakigonga mabega ya jirani. Ile sauti ilikuwa imewalea wote. Kutoiitikia kulikuwa kama kumfungia baba mlango. Injini ikangoja. Ikangoja.

"Lori!" alisema Ernest. Rahabu alisikia viatu vyake vikikimbia ukingoni. Akasikia akivuta pumzi, kifua kikijaa, kijana wa watu anayemtaka mama yake. "E—"

Rahabu alimrukia. Mkono wake uliojaa tope ukampata mdomoni, ukaushikilia kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Usiitike," alimnong'oneza. "Ndugu yangu, hata kama ni mama yako anakuita. Usiitike."

Kijana alitaka kujinasua, kisha akatazama. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo, akawaona: mlima mzima wa watu, wameinamisha vichwa, hakuna anayepumua. Akatulia chini ya kiganja cha mama yule.

Injini ikakohoa. Gia ikaingia. Lori likaanza kushuka, taratibu, kama linaloendeshwa na mtu asiye na haraka tena. Honi ikalia kwenye kona ya chini, ikalia kwenye kona inayofuata, kila mara ndogo zaidi, ikielekea bondeni, mpaka ikawa kama nyuki, mpaka ikawa si kitu.

Ndipo Salama akalia.

Alilia kwa hasira, kwa njaa ya siku zote zile, akimkanyaga mama yake mgongoni. Rahabu alimwachia katibu, akaketi palepale kwenye tope, akamzungusha mtoto mbele. Salama akalikamata ziwa kwa ufizi wenye jino moja jipya, akauma kweli kweli. Rahabu akatoa mguno wa maumivu na machozi yakamtoka, akacheka. Wanawake wakacheka naye, mmoja mmoja ndani ya ukungu, wakiulizana nani ana mtoto mkali namna hiyo.

Ernest alikuwa bado amesimama, alama ya vidole vya tope mdomoni.

"Mama Salama," alisema kwa sauti ndogo. "Lile lori… ni la nani?"

Rahabu alimfunika mtoto kwa ncha ya kanga, baridi isimpate.

"Lilikuwa la Mzee Gideoni," alisema. "Kaa chini, nikueleze alivyokuwa."

Ndugu Ernest akavua kofia, akakaa.